Rangi ileile, kava lilelile: mara ya kwanza ikabanduka, mara ya pili ikashika

Wiki ya tatu baada ya kupuliza rangi ya kopo kwenye kava la mashine ya gemu ndo kipande cha kwanza kikatoka, upande wa kulia pale kiganja kinapokaa, kipande kama ukucha wa kidole kidogo, kikabaki kimenata kwenye ngozi ya mkono wangu huku gemu linaendelea. Nilishaikasirikia rangi kabla hata sijaangalia vizuri. Nikasema hii rangi ni feki, basi, nimepigwa. Naandika kisa chote hapa kwa sababu haikua feki, na nina uhakika, maana mara ya pili nimetumia aina ileile ya kopo, bluu ileile iliyokolea, juu ya kava lilelile, na mpaka leo imeshika.

Mashine yenyewe ni Game Boy ya mwanzo, DMG-01, ile nene ya kijivu iliyotoka 1989 inayokula betri nne za AA. Ni ya mdogo wangu. Kava lilikua na alama ya kuungua kona ya chini, mikwaruzo kila mahali, na plastiki nusu imeshageuka njano. Hili nalisema mapema kwa sababu kwenye kava hili maandishi ya jina chini ya skrini na herufi za A na B pembeni ya vitufe zimechapwa juu ya plastiki, ukipitisha msasa zinaondoka na hazirudi tena. Kwa hiyo kama lako ni la asili na bado ni safi mi nakuomba usiliguse, tafuta kava jipya la kuvalisha ufanyie mambo yako yote humo, la asili liweke. Letu lilikua limeshaharibika ndo maana nikakubali.

Alafu kuna jambo ambalo ningelielewa mwanzo ningejiokolea mwezi mzima. 1995 Nintendo wenyewe walitoa Game Boy za rangi, zile za Play It Loud, nyekundu, kijani, njano, nyeusi na ile inayoonyesha ndani. Mtu akiziona anadhani zimepulizwa. Hapana, rangi imechanganywa na plastiki yenyewe kabla haijaingia kwenye moldi, ukiikwaruza unakuta chini rangi ni hiyohiyo, hakuna cha kubanduka. Sisi tunaopuliza tunaivisha plastiki ngozi ambayo haikupangiwa. Na ngozi ina mambo mawili, lazima ishike na lazima ina unene. Makosa yangu yote mara ya kwanza, ukiyafuata mpaka mwisho, yanaishia kwenye hayo mawili.

Nilichofanya mara ya kwanza ni hiki. Nilifungua skrubu za nyuma, zile zenye kichwa cha mabawa matatu kama herufi Y (mbili ziko ndani ya sehemu ya betri, watu wengi wanazisahau wanaanza kulazimisha kava na bisibisi bapa wanalitoboa), nikatenganisha nusu mbili taratibu maana bodi ya mbele na ya nyuma zimeunganishwa na waya bapa ukivuta kwa nguvu unaung'oa, nikatoa bodi zote, vitufe na mipira yake. Kava nikalisuuza na maji, nikafuta na kitambaa. Mkwaruzo mkubwa mmoja juu ya skrini niliupiga msasa namba 400 mpaka ukaisha, na ile alama ya kuungua kidogo. Kwingine kote nikaona plastiki ni laini na safi, kopo limeandikwa linafaa kwa plastiki bila praima (rangi ya kwanza ya chini ya kushikishia), nisumbuke na msasa wa nini. Nikapuliza mikono mitano ya bluu, mkono mmoja ni tabaka moja la rangi. Baada ya masaa kama matano, nikigusa naona imekauka, nikapuliza klia (ile ya juu ya kulinda, inayoonyesha rangi ya chini) mikono minne, klia ya aina nyingine kabisa, ile ya magari. Siku ya tatu nikafunga mashine.

Sa matokeo. Sikuyaona yote siku moja, ndo maana nilichanganyikiwa, kila moja lilikuja kwa wakati wake.

Siku ileile ya kupuliza, karibu na zile nafasi za spika za chini kulia, rangi ilikimbia. Yani unapuliza, inatua, alafu inajivuta pembeni inaacha viduara vidogo katikati unaona plastiki. Mafundi rangi wanaviita macho ya samaki. Nikaongeza rangi juu nikidhani nitavifunika, vikawa vishimo.

Usiku wa siku hiyo, baada ya klia, mgongo wa kava ukakunjamana. Sio kote, ni sehemu kama nusu ya kiganja, ngozi ya rangi imejikunja kama ya maziwa yaliyopoa.

Siku ya tatu wakati wa kufunga, nusu mbili hazikukutana vizuri, nikabana skrubu zaidi kuliko inavyotakiwa. Kitufe cha A ukikibonyeza kinakwenda chini na kurudi kinachelewa.

Na wiki ya tatu ndo kubanduka.

Ukiwa na hasira unayaita yote haya "rangi mbovu". Ila nilipoyaweka mezani moja moja nikaona kila kosa lina sura yake, na sura yenyewe inakwambia limetoka hatua gani. Macho ya samaki hayafanani na mikunjo, mikunjo haifanani na kubanduka. Rangi mbovu ingekua mbovu kote, au sio? Hii ilikua imeshika sehemu fulani kama chuma.

Tuanze na kubanduka maana ndo kulikoniuma. Kile kipande niliweka chini ya lenzi ya kukuzia. Upande wa chini, ule uliokua umegusana na plastiki, ulikua mlaini unang'aa, una alama ndogondogo za uso wa kava kama vile umepigiwa muhuri. Na plastiki pale kilipotoka ilikua safi kabisa, hata doa la bluu hakuna. Hiyo maana yake rangi haikukatika katikati, ilitoka mzima mzima, haikuwahi kushika. Kama rangi yenyewe ingekua dhaifu ungeona nusu imebaki kwenye plastiki na nusu imetoka na kipande.

Nikachukua teipu nikaanza kujaribu kwingine. Ubavu wa kulia ikatoka, wa kushoto ikatoka, chini ya vitufe ikatoka kama ngozi ya nyoka. Nikafika juu ya skrini pale nilipopiga msasa ule mkwaruzo, nikabandika teipu, nikavuta, hamna kitu. Nikavuta tena kwa hasira. Hamna kitu. Mpaka nikapitisha kisu, rangi ikakwaruzika kidogo kidogo lakini haikubanduka. Nilikaa pale nimeshika kava nikajua nimepata jibu, kopo moja, siku moja, mpulizaji yuleyule, tofauti ni msasa namba 400 peke yake.

Lakini sikutaka kuamini alama moja, kwa hiyo nikatafuta pedi ya gemu ya zamani iliyokufa, nayo ni plastiki ya ABS kama kava, mgongo wake nikaugawa sehemu nne kwa teipu ya karatasi. Ya kwanza nikaiacha ilivyo nikaosha na maji tu. Ya pili nikaosha na sabuni ya vyombo nikafuta na isopropili (spiriti ya kusafishia) bila msasa. Ya tatu hivohivo nikaongeza msasa 400 alafu 600. Ya nne kama ya tatu ila nikaweka na praima ya plastiki. Nikapuliza bluu ileile iliyobaki kwenye kopo, nikaacha siku kumi. Alafu nikafanya kile kipimo cha kukata viwanja ambacho viwandani kipo mpaka kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 2409, unakata mistari sita kwa wembe, unakata sita mingine inayoikatiza, unapata viwanja vidogo 25, unabandika teipu, unavuta. Viwandani wana kisu maalumu na vipimo vya nafasi kati ya mistari, mi nilitumia rula na wembe mpya, milimita mbili mbili. Kwa kulinganisha sehemu nne za kitu kimoja inatosha kabisa.

Ya kwanza iliondoka karibu yote na teipu. Ya pili kama nusu, na hii ilinishangaza maana nilidhani usafi peke yake utanibeba. Ya tatu viliondoka vipande kwenye kona za viwanja tu. Ya nne haikutoka kitu.

Sa unajiuliza msasa unafanya nini hasa. Uso wa plastiki iliyotoka kwenye moldi ni mgumu na unateleza, rangi inakaa juu yake kama maji yaliyoganda juu ya kioo, ukiipinda au ukiipa joto la mkono na jasho kila siku inaachia. Msasa unachimba mifereji midogo, rangi inaingia humo ikikauka inakua imejifungia, na pia eneo la kushikana linakua kubwa zaidi. Praima nayo ina kazi yake, imetengenezwa kushika plastiki upande mmoja na rangi upande wa pili. Kopo kusema linafaa bila praima sio uongo, thina iliyopo kwenye rangi inaing'ata ABS kidogo, ila lilimaanisha plastiki iliyoandaliwa. Na maandishi madogo ya nyuma ya kopo yalisema hivohivo, safi, kavu, imekwaruzwa kidogo. Sikuyasoma.

Macho ya samaki sasa. Hili nilimuuliza mdogo wangu swali moja tu, uliwahi kuipaka kitu chochote hii? Akasema ndio, ile polishi ya kung'arisha dashibodi ya gari, aliipaka mara mbili tatu ikawa inapendeza. Hapo mambo yakaisha. Polishi nyingi za namna hiyo zina silikoni, na silikoni ni adui mkubwa wa rangi, kiasi kidogo tu ambacho huwezi kukiona kinatosha kuisukuma rangi mbichi ikimbie. Na inajificha kwenye mitaro, ndo maana ilitokea kwenye nafasi za spika ambako kitambaa changu hakikufika. Ubaya ni kwamba ukianza na msasa kabla hujaitoa unaisambaza na kuizamisha kwenye mikwaruzo, kwa hiyo usafi unatangulia msasa, alafu unarudiwa baada ya msasa. Watu wengi wanafanya mara moja tu, baada. Mi nasema mara mbili, na ile ya kwanza ndo muhimu zaidi.

Mikunjo ya mgongoni ilinichukua muda kuielewa. Bluu yangu ilikua ni rangi ya enameli, na nyuma ya kopo kulikua na sentensi moja, rudia ndani ya saa moja au baada ya masaa 48. Mi nilirudia saa ya tano. Kinachotokea ni hiki, enameli inaanza kukauka kwa juu kwa kupoteza thina, alafu inaendelea kukomaa polepole kwa kuvuta oksijeni ya hewani. Ndani ya saa ya kwanza bado yote ni laini, ukiongeza mkono mwingine vinaungana vinakua kitu kimoja. Baada ya siku mbili imeshakomaa vya kutosha, thina ya mkono mpya haiiwezi. Katikati hapo ndo hatari, juu kuna ngozi nyembamba na chini bado ni laini, thina mpya inapenya, ile ngozi inavimba inatafuta pa kwenda, haina, inajikunja. Na mi nikaongezea ubaya kwa kutumia klia ya magari ambayo thina yake ni kali kuliko ya enameli. Kugusa na kidole ukaona imekauka hakukwambii kitu chochote kuhusu hili, na nadhani ndo kosa linalowakuta watu wengi, wanaamini kidole badala ya saa. Muda wenyewe unatofautiana kopo na kopo, wengine wanasema masaa 24, wengine 48, wengine siku saba, soma la kwako.

Kuhusu kitufe na nusu mbili kutokutana, hiyo ni hesabu tu. Mkono mmoja wa kopo ukikauka unaacha takriban maikroni 10 mpaka 25 (maikroni elfu moja ni milimita moja). Mi nilipiga mikono tisa, bila kuziba chochote zaidi ya kioo cha skrini, kwa hiyo weka sehemu ya kumi ya milimita mpaka mbili za kumi. Inaonekana ndogo ila tundu la kitufe linapungua pande zote mbili, na ule mdomo wa nusu ya juu na ya chini unaoingiliana una rangi huku na huku, kwa hiyo unazidisha mara mbili. Kitufe cha Game Boy kimekatwa kikae na uwazi mdogo sana. Na nilikua nimevipuliza na vitufe vyenyewe!

Basi nikaanza upya. Kutoa rangi ya zamani, kwanza nikajaribu asetoni upande wa ndani kwenye kona isiyoonekana, tone moja kwenye pamba. Plastiki ikawa gundi. Usitumie asetoni kwenye ABS, wala thina kali, hata kwa kugusa tu, inaiyeyusha. Isopropili haiiyeyushi, kwa hiyo kilichokua tayari kimelegea nilikitoa kwa isopropili na mswaki wa zamani, na kwa kuwa rangi yenyewe haikushika sehemu kubwa ilitoka bila shida. Iliyobaki juu ya skrini na mgongoni niliimaliza kwa msasa wa maji. Kama kava lako ni lile la kuonyesha ndani kuwa makini zaidi, mengine ni ya polikaboneti, plastiki ya aina nyingine, na yakikutana na vimiminika vikali yanapata nyufa ndogondogo, hata siku hiyo usizione.

Kioo cha skrini nilikua nimekiacha mara ya kwanza na teipu juu, sasa nikakitoa. Ni plastiki iliyogundishwa, unapasha na draya ya nywele kwa umbali mpaka gundi ilegee alafu unasukuma kutoka ndani polepole, usichokonoe na bisibisi kutoka nje.

Usafi ulichukua jioni nzima. Sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, mswaki kwenye kila nafasi ya spika, kwenye matundu, kwenye mtaro wa kaseti. Kukausha. Alafu dawa ya kuondoa mafuta na nta wanayotumia mafundi rangi za magari, ile isiyodhuru plastiki, na hata hivo nikaijaribu ndani kwanza, kitambaa kimoja cha kupaka na kingine kikavu cha kufuta kabla haijakauka, na unageuza upande wa kitambaa kila mara, la sivyo unahamisha silikoni kutoka hapa kwenda pale. Nikarudia mara tatu kwenye spika. Kipimo changu kilikua maji, unamwagia maji kidogo alafu unaangalia, yakitanda kama karatasi uso ni safi, yakijikusanya matone matone kuna kitu bado kipo. Mara mbili yalijikusanya palepale kwenye spika. Ya tatu yakatanda. Kuanzia hapo nikavaa glavu na sikuligusa tena na mikono mitupu, mafuta ya kidole yanatosha kuharibu.

Msasa 400 na maji mpaka mng'ao wote ukaisha, alafu 600. Ishara ya kwamba umefika ni kava lote kuwa na rangi moja ya vumbi lisilong'aa, ukiinamisha kwenye mwanga ukaona sehemu inang'aa, pale hujafika. Kona na kingo nilitumia kipande cha sponji chini ya msasa nisizile. Alafu nikaosha tena, nikakausha, isopropili, nikaacha likae.

Kuziba. Hapa nilikua na subira ambayo sikua nayo mwanzo. Teipu ya karatasi kwenye mdomo wote wa kuingiliana, mbele na nyuma, kwenye nguzo za skrubu, kwenye sehemu za betri, ulimi wa kifuniko cha betri, njia ya swichi ya juu na nafasi za vile vigurudumu viwili vya pembeni. Kwenye matundu ya vitufe nikaweka vipande vya sponji kutoka ndani vikasimama chini kidogo ya uso, ili rangi ifunike ukingo lakini isishuke ukutani. Vitufe havikupulizwa kabisa. Kidole kinakisugua kitufe maelfu ya mara, hakuna rangi ya kopo itakayovumilia hiyo, kama unataka rangi nyingine badilisha kitufe chenyewe.

Kupuliza kwenyewe ni sehemu fupi kuliko zote, na watu wanaiwazia zaidi. Siku kavu, joto kama nyuzi 22, hakuna upepo. Mlango na dirisha wazi, na barakoa yenye filta za mvuke wa kemikali, zile barakoa za vumbi hazizuii mvuke hata kidogo. Hakuna moto wala cheche karibu, gesi inayosukuma rangi inawaka. Na zile klia za makopo zenye kigumu ndani, unazobonyeza chini kabla ya kutumia, zina kemikali ya isosayaneti, hizo sizipendekezi nyumbani kabisa bila vifaa vya mtu wa karakana, zinaweza kukuachia pumu ya kudumu. Mi nilitumia klia ya kawaida, ya mtengenezaji yuleyule wa bluu.

Kopo likae kwenye maji ya vuguvugu dakika chache, vuguvugu tu sio moto, linapuliza ukungu mwembamba zaidi. Litikise dakika mbili baada ya kusikia kile kigololi kinagonga. Sentimita 25 hivi kutoka kwenye kava, unaanza kubonyeza nje ya kava, unapita, unaachia nje upande wa pili, usianze wala kuishia juu yake. Praima mikono miwili myepesi. Siku ya pili nikapitisha msasa 800 kidogo kulainisha, nikafuta. Bluu mkono wa kwanza ni ukungu tu, bado unaona praima chini na moyo unataka kuongeza, usiongeze. Dakika kumi. Wa pili unafunika nusu. Wa tatu ndo unafunika. Nikaishia hapo, mitatu badala ya mitano. Macho ya samaki hayakutokea hata moja, na nilikua nimesimama natazama ile spika kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

Klia niliweka kabla saa moja haijaisha tangu mkono wa kwanza wa bluu, mikono miwili, wa kwanza mwepesi, wa pili umelowa kidogo ili utulie. Teipu nikazitoa rangi ikiwa bado ni laini kidogo, kwa kuvuta kwa kuikunja nyuma, ukingo ukatoka umekatwa safi. Alafu kava nikalifunika na boksi lililoinuliwa chini kidogo hewa ipite, vumbi lisitue.

Mdogo wangu alitaka lifungwe siku ya tatu. Nikakataa. Wiki mbili. Kila baada ya siku kadhaa nilikua nanusa, kama harufu ya thina bado ipo bado inakomaa, na nilikua nabonyeza ukucha kwenye mdomo wa ndani ambako ukungu kidogo wa rangi uliingia, siku ya sita uliacha alama, siku ya kumi na mbili haukuacha. Kulikua na ganda la chungwa kidogo mgongoni, vile vinundu vidogo kama ganda la tunda, nikavilainisha na msasa 2000 na maji alafu polishi ya kung'arisha isiyo na silikoni. Mbele sikugusa, klia ilikua nyembamba na sikutaka kuitoboa kwenye kingo.

Kufunga ilikua raha. Nusu zimekutana kwa mkono kabla ya skrubu, A inarudi, swichi ya juu inateleza.

Sasa ni mwezi wa tisa tangu niifunge, inachezwa karibu kila siku. Wiki mbili zilizopita ilianguka sakafuni kwa kona na kikatoka kipande kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nikakimbilia teipu kabla ya kitu chochote. Nikabandika pembeni ya jeraha, nikavuta, mara tatu, kingo hazikuinuka. Nikaweka lenzi. Katikati plastiki imemeguka yenyewe, imeondoka na rangi yake juu, na kuzunguka jeraha zinaonekana pete tatu nyembamba, klia, bluu, praima, kila moja bado imekamatana na iliyo chini yake.